Kabla Dokta Hajabonyeza Dayathemi

Jioni ya kuamkia somo napita Mwanjelwa nanunua kilo mbili za paja la nguruwe, ngozi yake ikiwepo. Nikijua kundini kuna Waislamu nachukua la ng'ombe, ngozi naisamehe. Nyama hiyo ndiyo ubao wangu wa kufundishia. Mimi ni muuguzi wa thieta, chumba cha upasuaji, hapa Mbeya, na madaktari wa interni, wale walio kwenye mafunzo ya vitendo, wanapoingia, au madaktari wasaidizi wanapotoka vituo vya afya kuja kujifunza upasuaji, dayathemi, mashine ya umeme ya kukata na kukausha damu wakati wa upasuaji, wanaianzia kwangu. Naandika ninavyofanya ili mwenzangu aliye Makete, Mafinga au Tunduma naye aweze.

Sababu yangu ni mama mmoja, mkulima wa viazi kutoka Umalila, aliyetolewa uvimbe tumboni miaka mingi iliyopita, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi wakati huo. Kidonda cha tumbo kilikuwa kizuri. Siku ya pili akanishika mkono: "Mwanangu, mimi niliumwa tumbo. Huku pajani mlinifanya nini?" Nikafunua kanga. Ngozi ilikuwa imeungua, upana wa kiganja cha mtoto, pale pale ilipokuwa pedi, kile kibandiko cha kurudisha umeme mashineni. Pedi nilibandika mimi. Damu ilipokataa kukauka daktari aliniambia niongeze namba, yaani nguvu ya umeme, nikaongeza, na baada ya dakika chache nikaongeza tena. Hakuna aliyeinua shuka kutazama. Tangu hapo simruhusu daktari kubonyeza kitufe kabla hajanieleza umeme unatokea wapi.

Kulieleza hilo natumia mto. Wengi wao wameshapelekwa Rungwe kuona Daraja la Mungu na Kijungu. Mto Kiwira penye nafasi unapita taratibu. Ukifika Kijungu unabanwa kwenye mwamba, maji yanatokota kama ya chungu. Maji ni yale yale. Umeme wa dayathemi unatoka mashineni, unaingia kwa ncha ya kalamu, kile kifaa anachoshika daktari, unapita mwilini na kurudi mashineni kupitia pedi. Kwenye ncha ni Kijungu, eneo dogo, joto kali, na ndipo tunapolitaka. Kwenye pedi ni mto mpana. Pedi ikibanduka nusu, umemchimbia mgonjwa Kijungu cha pili pajani. Na hesabu yake ni kali: eneo likipungua nusu, joto linalozalishwa pale linakuwa mara nne.

Lazima mmoja aulize kwa nini mgonjwa hapigwi shoti. Umeme wa ukutani kwetu unageuka mara 50 kwa sekunde, na misuli inaushtukia. Ukizidi mara 100,000 kwa sekunde, misuli na neva haziushtukii tena, na mashine hizi hufanya kazi kuanzia kama mara 300,000. Kwa hiyo mgonjwa hatikisiki. Hapo ndipo penye hatari, kwani ukikosea hakuna kitakachokugutusha, na mwenyewe amelala, hawezi kusema anaungua. Mashine zimebadilika sana tangu 1 Oktoba 1926, siku daktari wa upasuaji Harvey Cushing alipotumia ile iliyobuniwa na William Bovie huko Boston kutoa uvimbe wa kichwa uliokuwa umemshinda siku chache kabla kwa sababu ya damu. Lakini njia ya umeme ni ile ile.

Sasa nyama. Tunafanya jioni, orodha ya wagonjwa ikiisha, kwa kalamu na pedi nilizozitenga kwa mafunzo tu. Hazirudi kamwe kwa mgonjwa. Nyama inalala juu ya pedi, ndani ya trei ya plastiki. Kila mmoja anaanza na kitufe cha njano, cha kukata. Umeme wake unapita bila kukatika, nguvu yake ya msukumo ni ndogo, na ncha ikitembea bila kukandamizwa inaacha mstari safi. Kisha bluu, cha kukausha damu. Huu unakuja kwa vipande vipande, msukumo wake ni mkubwa, unaruka kama cheche na kuacha doa jeusi. Nawaambia washike bluu kwa sekunde mbili mahali pamoja, halafu kumi mahali pengine. Juu, madoa hayatofautiani sana. Ndipo nachukua kisu na kupasua nyama katikati ya kila doa. Weupe wa nyama iliyoiva umezama chini mbali kuliko doa lenyewe. Wanapotazama pale, nawauliza: kama huo ungekuwa utumbo au mrija wa mkojo? Hapa nakaa muda mrefu, hata saa nzima, maana daktari aliyeona weupe ule kwa macho yake anabonyeza kwa mguso mfupi bila kukumbushwa.

Zoezi la mwisho la nyama ndilo ninalolijali kuliko yote. Nakata kipande kikining'inia kwa shingo nyembamba, unene wa kidole kidogo, na kumwambia dokta akaushe damu huku nchani, mbali na shingo. Anabonyeza. Shingo ndiyo inayogeuka nyeupe. Umeme wote umelazimika kupita pale. Halafu namuuliza ni kiungo gani cha mvulana mdogo kina umbo hilo. Kwetu nyanda za juu kusini tohara zinafanyika nyingi, na dayathemi ya kalamu na pedi haitumiki kwenye tohara, hata kwa namba ndogo. Ikibidi dayathemi, ni ya koleo, ile baipola, ambayo umeme unatoka jino moja kwenda la pili na kuishia hapo. Haihitaji pedi.

Asubuhi tunaingia kwa mgonjwa, na pedi anabandika daktari mwenyewe, mimi nikisimamia. Najua kazi hiyo ni ya muuguzi. Lakini aliyewahi kuibandika hatasema "ongeza namba" kirahisi. Juni na Julai baridi ya Mbeya inatufanya tujipake mafuta mazito, basi paja lioshwe kwa sabuni na likaushwe barabara. Nywele zinyolewe. Pachaguliwe penye nyama nyingi, karibu na eneo la upasuaji, mbali na mfupa na kovu. Mgonjwa aulizwe kama ana chuma mwilini, bodaboda zimewaachia vijana wengi vyuma mapajani, na wengine hawasemi mpaka waulizwe, "Uliwahi kuvunjika?" Mwenye chuma paja la kulia, pedi iende kushoto. Akiwa na kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, daktari asimamishe kila kitu na kuzungumza kwanza na mtu wa usingizi. Pete na bangili zivuliwe. Pedi ya kutumika mara moja itumike mara moja, na isikatwe ili kumtosha mtoto. Zipo za watoto. Mgonjwa akigeuzwa mezani, pedi inakaguliwa upya.

Moto. Dawa ya kusafishia ngozi yenye spiriti inahitaji angalau dakika tatu kukauka, na penye nywele inaweza kuchukua hata saa nzima. Naisoma saa ya ukutani kwa sauti: "Dokta, bado moja na nusu." Spiriti ikichuruzika kwenye kitovu au chini ya mgongo, ifutwe, na shuka iliyolowa ibadilishwe. Upasuaji ukiwa usoni au shingoni na mgonjwa anapewa oksijeni, daktari anamwambia mtu wa usingizi kabla ya kubonyeza, ipunguzwe kwanza. Na bomba la hewa kooni halifunguliwi kwa dayathemi.

Kalamu isiyotumika inarudi kwenye ala yake, hailazwi juu ya tumbo. Waya wake hauzungushwi kwenye kibanio cha chuma. Anayebonyeza ni yule anayeiona ncha. Umeme ukikatika na jenereta kuwaka, namba zinasomwa upya, maana mashine nyingine hurudi zinapotaka. Mimi huanza na 30, na daktari akisema haikati, mkono wangu hauendi kwenye namba. Naanzia kwenye pedi, kisha waya, kisha ncha kama ina masizi. Wanajua hivyo, na siku hizi kabla sijainama nasikia, "Sista, tuangalie pedi."

Mwishoni pedi inabanduliwa polepole, ngozi ikishikiliwa kwa mkono wa pili. Daktari anatazama paja chini ya taa, siyo kwenye kivuli cha shuka, kisha anaandika kwenye faili: pedi ilikaa wapi, namba zilizotumika, ngozi ikoje. Akikuta wekundu usioisha, anaandika hivyo hivyo, na kesho yake asubuhi anakwenda wodini kumwambia mgonjwa yeye mwenyewe, kabla mgonjwa hajauliza.