Kujenga stoo ya uani isiyoliwa na mchwa

Anayejenga stoo uani, awe Mikindani, Newala au Nachingwea, ajue kwamba adui wake mkubwa hutoka chini: mchwa, na unyevu wa ardhi wakati wa mvua. Ndiyo maana stoo ninayoieleza hapa, ya mita 3 kwa mita 2.4, inasimama juu ya nguzo fupi za zege, kama wazee walivyoinua ghala zao, ili mwenye nyumba aweze kuinama na kuona kilichoko uvunguni.

Funga kamba kwenye vigingi, kisha pima pembe kwa pembe; vipimo vyote viwili vikiwa karibu mita 3.84, pembe zako zote ni mraba sawasawa. Chimba mashimo 9, safu tatu za mashimo matatu, yenye kina cha sentimita 60. Changanya ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto, na usikubali kuletewa mchanga wa ufukweni, kwa kuwa chumvi yake hula nondo. Nguzo ipande sentimita 40 juu ya ardhi, nondo ya milimita 12 ikichomoza katikati kwa ajili ya kushikia boriti, kisha imwagiliwe maji kwa siku 7.

Juu ya kila nguzo vika kofia ya bati inayozidi zege kwa sentimita 5 kila upande, kingo zake zikiwa zimekunjwa kuelekea chini, na tundu la nondo lizibwe kwa lami. Kofia hii haiui mchwa. Inamlazimisha apitishe njia yake ya udongo nje, mahali pa wazi. Utaiona imepanda nguzo, nyembamba kama penseli. Ivunje, utie dawa pale ilipoanzia, na urudi kuikagua baada ya siku chache.

Boriti na fremu ya sakafu ziwe za mbao za inchi mbili kwa sita zilizotiwa dawa, kwani gunia la korosho hufikia kilo 80. Kujenga kuta za mbao au bati si kazi ngumu. Acha tu matundu ya hewa yenye wavu chini ya paa.

Paa liwe la mgongo mmoja, mbele mita 2.4 na nyuma mita 1.9, kwa bati la geji 28, ambalo ni nene kuliko geji 30. Pigilia misumari kwenye matuta ya bati, kamwe si mabondeni ambako maji hupita, na funga mbao za paa kwenye nguzo za ukuta kwa mikanda ya chuma. Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipoelekea kaskazini mwa Msumbiji, sisi wa Mtwara na Lindi tulitahadharishwa pia, na paa lililoshikwa kwa misumari peke yake halikumpa mtu usingizi.

Ndani, magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, na salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, itafutiwe mahali pengine kabisa.