Kuomba nafasi ya masta ng'ambo ukiwa Bukavu, DRC: anza na karatasi

Kwanza omba chuoni nakala ya hati ya wizara ya ESU (elimu ya juu na vyuo vikuu) inayokitambua chuo, yenye namba na tarehe. Soma kama kitivo chako kimo: chuo huweza kuwa na kibali, kitivo kipya kisiwe nacho. Kisha chukua relevé (hati za alama) za miaka yote, si ya mwisho tu.

Eleza mfumo wa masomo uliosomea. Licence (shahada ya chuo) ya zamani ni miaka 5 (3 ya graduat, hatua ya kwanza, kisha 2). Ya LMD, mfumo mpya wa licence, masta na doctorat, ni miaka 3, kredi 180. Ukinyamaza, ile ya zamani inaweza kupimwa kama ya miaka 3, na hiyo ni hasara kubwa.

Majina ndiyo hukwamisha wengi. Nom (jina la ukoo), postnom (jina linalofuata) na prénom (jina la kwanza) zilingane na pasipoti, herufi kwa herufi. Kosa lirekebishwe apparitorat (ofisi ya usajili ya chuo) kabla ya kutafsirisha hati.