Waridi limeingiwa wadudu? Usikimbilie salfa ya korosho

Jamani huku kwetu Mtwara mtu akiona tu waridi lake limechafuka anaenda stoo anachota salfa iliyobaki ya mikorosho anarushia, afu wiki ijayo analalamika wadudu wapo vilevile. Sa salfa inatibu ubwiri unga (ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga kwenye majani) na utitiri pia inaua, ila vidukari unawapaka poda tu, wanaendelea kunyonya.

Kwahiyo kabla ya dawa yoyote geuza jani uangalie nani yupo.

Vidukari ni vile vidogo laini, vya kijani au vyeusi, vinajazana kwenye machipukizi na vitumba, majani yanajikunja na kunata. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina ujue wanafuata ule utamu, na wanawalinda kabisa. Hata maji moto, wale sisimizi wekundu ambao kwenye mikorosho tunawapenda kwa kufukuza mbu wa korosho (wadudu wanaofyonza machipukizi ya mkorosho), wakihamia kwenye waridi wanaweza wakawa wanafuga vidung'ata, vile vidudu vyeupe kama pamba, so watoe.

Dawa ya kwanza ya vidukari ni maji, chukua mpira piga kwa nguvu chini ya majani asubuhi, wengi wakidondoka hawarudi. Wakibaki weka sabuni ya maji kijiko kimoja au viwili vya chai kwa lita moja, sio sabuni ya unga wala yenye blichi, itaunguza. Na kama maji ya kisima chako ni ya chumvi, sabuni inaganda haitoi povu, hapo tumia ya mvua. Jaribu tawi moja kwanza usubiri mpaka kesho yake, afu pulizia jioni ukihakikisha inawagusa wenyewe maana ikishakauka haiui tena, na urudie kila baada ya siku 4 au 5 kama mara tatu hivi, kwasababu jike la kidukari halisubiri dume, linazaa tu watoto wanaotembea tayari. Ukikuta vile vidudu vya duara vyekundu vyenye madoa meusi usiviue, vinakula vidukari.

Utitiri ndo wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi huku vumbi tupu. Jani linakuwa na vidoadoa vya njano na utando mwembamba kwa chini. Ligongeshe juu ya karatasi nyeupe, ukiona vidoa vinatembea ndio wenyewe. Hapa sasa salfa ina kazi, ila kidogo tu, vaa barakoa, siku ya joto la nyuzi 32 kwenda juu acha kabisa inababua majani, na kama ulipaka mafuta ya mwarobaini subiri wiki mbili. Ile midawa mikali ya kuua kila kitu mi siishauri, inamaliza wanaokula utitiri halafu wenyewe wanaongezeka.

Jani likikatwa nusu duara safi kama kwa mkasi, huyo ni nyuki anajengea kiota, mwache.