Kuendesha Mjadala wa Kisiasa Redioni Bila Kuegemea Upande: Mwongozo kwa Watangazaji wa Dodoma

Mtangazaji anayeandaa mjadala wa kisiasa mjini Dodoma hukabiliwa na shida ambayo mwenzake wa Mtwara au Bukoba haipati kwa kiasi hicho, nayo ni ukaribu wa Serikali. Mji wa Serikali uko Mtumba, Bunge liko mjini, na katika miezi ya Bunge la bajeti, tangu Aprili hadi mwisho wa Juni, mbunge anayetaka kusikika anaweza kufika studio na kurudi ukumbini kati ya kikao cha asubuhi na cha jioni. Mkulima wa Bahi au mfugaji wa Chemba anahitaji nauli, siku nzima ya kazi, na mtu wa kumwachia mifugo. Kwa hiyo mizani huinama hata pale ambapo hakuna mtu katika chumba cha habari aliyekusudia iiname, na ndiyo sababu naamini kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kutoegemea upande hufanyika siku kadhaa kabla kipaza sauti hakijawashwa.

Mwongozo huu unamhusu kwanza anayefanya kazi katika chombo cha umma, yaani kile kinachoendeshwa kwa fedha za wananchi wa vyama vyote na wasio na chama, ingawa redio za kijamii nazo zinaweza kuutumia. Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa maoni, na pia haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Naomba sehemu hiyo ya pili isomwe kwa makini, kwa sababu inaonyesha kwamba mwenye haki ya mizania ni msikilizaji. Mwanasiasa anayelalamika kwamba hakupewa muda anaweza kuwa na hoja, lakini aliyepunjwa zaidi ni yule aliyekaa na redio yake nyumbani akasikia nusu ya jambo.

Anza na maneno ya swali

Mjadala mwingi hupotoka katika sentensi ya kwanza ya mtangazaji. Chukua suala la ardhi, ambalo halijawahi kupoa katika mji huu tangu mwaka 1973 ulipofanyika uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma na kuundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, maarufu kama CDA. Mamlaka hiyo ilivunjwa Mei 2017 na majukumu yake yakahamishiwa kwa halmashauri, lakini migogoro ya viwanja haikuvunjwa pamoja nayo. Ukifungua kipindi kwa kuuliza, "Je, wavamizi wa viwanja wanastahili kulipwa?", umekwisha kutoa hukumu. Ukiuliza, "Wakazi wa asili walioporwa ardhi wasaidiweje?", umetoa hukumu ya upande wa pili. Swali linaloweza kujibiwa na pande zote linafanana na hili: "Mtu aliyekuwa akilima eneo kabla halijapimwa ana haki gani linapopimwa, na ni nani wa kuthibitisha kwamba alikuwapo?" Ni swali refu, na prodyuza atalalamika kwamba halina mvuto, lakini ndilo swali lenyewe.

Njia ninayoitumia ni kuliandika swali kwenye karatasi na kuwasomea watu wawili wanaopingana juu ya jambo hilo, kila mmoja kwa wakati wake. Mmoja akikataa kulijibu mpaka kwanza alisahihishe, swali hilo lina upande, na ni lazima liandikwe upya. Pia weka mezani studio orodha ya maneno yanayogombewa, na ukubaliane na wenzako mapema lipi litumike. Fidia na kifuta jasho ni maneno mawili tofauti, kwa maana la kwanza ni haki na la pili ni hisani. Kuondolewa, kubomolewa na kupisha mradi vinaweza kuelezea tukio lile lile la asubuhi moja, na kila neno limebeba wakili wake.

Dodoma ilipata funzo kubwa la jambo hili mwaka 2014, Bunge Maalum la Katiba lilipokutana hapa. Mwezi Machi Jaji Joseph Warioba, mwenyekiti wa tume iliyokusanya maoni ya wananchi, aliwasilisha rasimu yenye muundo wa serikali tatu, yaani ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar, chama tawala kikasimamia serikali mbili zilizokuwapo, na mwezi Aprili wajumbe wa UKAWA, umoja wa wapinzani waliotetea rasimu hiyo, wakatoka ukumbini. Kitenzi "walitoka" kinaeleza kilichoonekana kwa macho. Kusema "walikimbia mjadala" ni hukumu, na kusema "walikataa kushiriki uchakachuaji" nayo ni hukumu, na mtangazaji wa umma hana ruhusa ya kutoa hata moja kwa sauti yake mwenyewe, ingawa anapaswa kuzinukuu zote mbili kutoka kwa waliozisema.

Lililo gumu zaidi lilikuja baadaye. Bunge lile liliendelea tangu Agosti bila UKAWA, na mwanzoni mwa Oktoba likapitisha Katiba Inayopendekezwa. Chombo ambacho kingerusha tu yaliyosemwa ukumbini katika miezi hiyo kingekuwa sahihi katika kila neno na bado kingeinama, kwa kuwa upande mmoja haukuwa ukumbini. Upande ukiondoka mahali pa mjadala, kwa haki au kwa makosa, mtangazaji anawajibika kuufuata huko uliko na kuuliza kwa nini, kisha kurudi na jibu lake.

Kualika wageni

Hesabu pande za jambo kabla ya kuhesabu vyama. Katika suala la viwanja kuna halmashauri, kuna aliyelima hapo miaka mingi, kuna aliyenunua kiwanja kwa fedha halali na hati anayo, na kuna mpangaji ambaye hakuna anayemkumbuka. Ukiweka viti viwili tu, kimoja cha mwakilishi wa CCM na kimoja cha mwakilishi wa CHADEMA, utapata mabishano ya kitaifa yaliyozoeleka, na watu hao wanne watabaki nje ya mlango.

Anza kumwalika aliye mbali zaidi, halafu upange saa na siku ya kipindi kwa kumfuata yeye. Hili ndilo shauri langu kuu kwa yeyote anayefanya kazi Dodoma, kwa sababu desturi yetu ni kinyume chake: tunapanga saa kwa kufuata ratiba ya kiongozi, kisha tunamtafuta mwananchi wa kujazia. Kama kituo kinalipa nauli, kilipe kwa kiwango kimoja kinachojulikana, na kiandikwe kwenye daftari. Kama mgeni ni mzee wa Chamwino anayeeleza mipaka ya shamba lake kwa ufasaha kwa Kigogo lakini anasitasita kwa Kiswahili, mrekodi kwa lugha yake na umtafutie mfasiri mzuri, maana msikilizaji hupima ukweli wa mtu kwa wepesi wa ulimi wake hata asipotaka kufanya hivyo.

Mwalikwa akikataa kuja, usifute kipindi. Ukifuta, umempa kila mwenye cheo uwezo wa kuzima mjadala kwa kunyamaza tu. Sema hewani, kwa sauti ile ile unayosomea hali ya hewa, kwamba ofisi fulani ilialikwa siku fulani, kwamba imejibu hivi au haijajibu, na kama imetuma maelezo ya maandishi yasome yote bila kuyakata. Lakini ili maneno hayo yawe ya haki, mwaliko uwe umetumwa mapema. Kumpigia ofisa saa moja kabla ya kipindi na kisha kutangaza kwamba "hakupatikana" ni udanganyifu.

Hewani

Wengi wanajua kupima dakika, na dakika zipimwe, lakini saa haitoshi. Nani alizungumza kwanza, nani alipewa neno la mwisho, nani alikatizwa, na nani aliulizwa maswali magumu wakati mwenzake anaulizwa "tueleze mafanikio"? Niliwahi kusimamia kipindi cha saa moja kuhusu mashamba yaliyopimwa kuwa viwanja. Ofisa alikuwa studio, diwani alikuwa studio, na mwakilishi wa wakulima alikuwa kwenye simu kutoka kijijini. Laini ilikatika mara tatu, na mara ya tatu nilimwashiria mtangazaji aendelee. Siku iliyofuata tuliposikiliza rekodi tulikuta kwamba wale wawili wamezungumza zaidi ya nusu saa, ilhali mkulima hakufikisha dakika tano, na katika dakika hizo alitumia nyingi kuuliza kama anasikika. Hakuna aliyemnyamazisha kwa makusudi. Mtandao ulimnyamazisha, nami nikauachia. Tangu wakati huo mgeni wa simu hurekodiwa majibu yake makuu siku moja kabla, ili laini ikikatika sauti yake iwepo.

Angalia pia namna unavyowaita watu. Mbunge huitwa Mheshimiwa kila sentensi, na mkulima aliyeketi kando yake huitwa "huyu mzee wetu". Wataje wote kwa majina na vyeo vyao mwanzoni, kisha tumia Ndugu kwa wote, au Mzee na Mama kwa wanaostahili kwa umri, bila kujali nani amekuja na gari la Serikali.

Kutoegemea upande hakumaanishi kwamba kila kauli ina jozi yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Mgeni akisema kwamba sheria haitambui fidia, mtangazaji asigeuke kwa mgeni wa pili na kuuliza, "Wewe unaonaje?" Asome kifungu, amrudishie aliyesema ajibu, kisha mjadala uhamie kwenye yale yanayobishaniwa kweli, kama vile thamani ya miti ya matunda au tarehe ya tathmini. Kwa hiyo sheria na nyaraka ziwe mezani kabla ya kuanza, na msomaji wake awe amezisoma jana.

Wakati wa kampeni za uchaguzi mambo hubadilika na saa hupata uzito wake kamili. Sheria ya Taifa ya Uchaguzi ya mwaka 1985 iliwapa wagombea urais haki ya kutumia redio na televisheni ya Taifa katika kipindi cha kampeni, na katika majuma hayo ratiba iwe ya maandishi, ijulikane kwa vyama vyote, na isiguswe kwa simu ya mtu yeyote. Nje ya kampeni, kugawa dakika kwa rula kunaweza kupotosha, kwa sababu hoja moja ina pande mbili na nyingine ina tano.

Wapo watakaosema ni salama zaidi kuziacha mada zenye mgawanyiko. Marekani ilikuwa na kanuni tangu mwaka 1949 hadi 1987 iliyovitaka vituo vishughulikie mambo yanayobishaniwa na kuruhusu maoni yanayopingana, na mojawapo ya hoja zilizotolewa katika kuifuta ilikuwa kwamba vituo vilikuwa vikikwepa mada hizo ili visiwajibike kuutafuta upande wa pili. Kwetu ukwepaji huo huja hata bila kanuni, na unampendelea yule ambaye tayari ana nguvu.

Kuhusu wapiga simu, inatosha kuuliza jina na mahali wanapopiga, kutoruhusu namba moja zaidi ya mara moja kwa juma, na kusoma jumbe fupi kwa mpangilio wa kuingia kwake.

Mjadala unapokihusu kituo chenyewe

Januari 2016 Serikali ilitangaza kwamba TBC, shirika la utangazaji la umma, haitarusha tena mubashara vikao vyote vya Bunge, ikitaja gharama kuwa sababu, na wabunge wa upinzani wakapinga vikali ndani ya ukumbi hapa Dodoma. Mtangazaji wa umma anayeongoza mjadala wa namna hiyo anazungumzia mwajiri wake. Afanye mambo matatu: amwambie msikilizaji waziwazi kwamba kituo ni sehemu ya suala, asijibu kwa niaba ya uongozi, na amwachie kiti cha mwakilishi wa kituo mtu mwingine anayeweza kuulizwa maswali sawasawa na wengine. Kanuni hiyo hiyo inamhusu mtangazaji mwenye kiwanja katika eneo linalojadiliwa, au aliyepokea bahasha kwenye semina ya taasisi iliyoalikwa. Huyo asiongoze kipindi hicho. Fulana ya chama aliyoivaa kwenye picha ya simu yake nayo itaonekana, kwa hiyo aiondoe kabla ya kuajiriwa na wala asiirudishe.

Baada ya kipindi

Rekodi itunzwe, na malalamiko yaandikwe hata yakija kwa matusi. Anayelalamika aelezwe kwamba anaweza kwenda kwa mhariri, kwenye Kamati ya Maudhui ya TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano na utangazaji, au Baraza la Habari Tanzania. Kosa likithibitika, lisahihishwe katika saa ile ile ya kipindi kile kile, ambapo wasikilizaji ni wale wale. Nawasihi wahariri waache faraja ya kusema kwamba pande zote zikilalamika basi tumefanya vizuri, kwa kuwa inawezekana kabisa kuwakosea wote wawili katika saa moja.

Kila baada ya miezi mitatu fungua daftari la wageni na uandike nani alizungumza, alitoka wilaya gani, alikuwa mwanamke au mwanamume, alikuwa studio au kwenye simu. Ukikuta Kondoa, Kongwa na Mpwapwa hazimo na Mtumba imejaa ukurasa, hapo ndipo pa kuanzia kupanga vipindi vya miezi mitatu ijayo. Na kesho yake baada ya kila mjadala, kabla hujapokea pongezi wala lawama za waliokuwa studio, mpigie simu mgeni aliyetoka mbali zaidi umuulize kama kijijini kwake walimsikia, na kama walichosikia ndicho alichokisema.