Namna ya Kuisoma South Dakota Ukiwa Kwenye Usukani

Dereva mgeni akipangiwa mzigo wa Rapid City, magharibi mwa jimbo la South Dakota, Marekani, baada ya saa tatu hunipigia simu: "Kaka, huku njia nzima hakuna kitu." Mimi ni mzaliwa wa Kongwa, nimekulia kwenye vumbi na upepo, kwa hiyo maneno hayo hunichoma kidogo. Abiria wa mabasi ya Dar nao husema hivyo hivyo wakipita kwetu, wanavuta pazia, wanalala. Ila abiria ana ruhusa ya kulala. Wewe una barabara kuu ya I-90 mbele yako, kilomita kama 660 kutoka mpaka wa Minnesota hadi mpaka wa Wyoming, karibu sawa na Dar hadi Singida, na dawa ya usingizi ni kujua unatazama nini.

Anza na namba za egziti, yaani njia za kutokea barabara kuu. Zinahesabu maili kutoka Wyoming, kwa hiyo ukielekea magharibi zinapungua: Sioux Falls 396, Chamberlain 263, Wall 110, Rapid City karibu na 60. Zishike kichwani, hutauliza tena umebakiza kiasi gani.

Kabla ya kutoka Sioux Falls piga 511, usikilize habari za upepo na theluji. Huku hakuna utingo wa kushuka kukuangalizia tairi. Utingo ni wewe. Novemba hadi Aprili beba blanketi, maji, chakula na koleo, maana tufani ikianza wanafunga barabara kwa geti kabisa, kama geti la shamba, na utalala ulipokutwa. Wenyeji hawana mchezo na jambo hili. Tarehe 12 Januari 1888 asubuhi kulikuwa na hali nzuri, watoto wakaenda shule bila makoti mazito. Theluji na baridi vikashuka ghafla, na katika nchi hizi tambarare wakafa watu zaidi ya 200, wengi wao watoto waliokuwa wanarudi nyumbani.

Ukiwa bado Sioux Falls, kula. Usishangae ukisikia Kiswahili cha Bukavu kwenye foleni ya duka, Wakongo wengi wako hapo. Mji umesimama juu ya nyama na fedha. Nyama inatokana na mahindi yaliyouzunguka mji. Fedha ilikuja baada ya jimbo kuondoa kikomo cha riba: mwaka 1981 benki ya Citibank ikahamishia hapa shughuli zake za kadi za mkopo. Kodi ya mapato ya mtu binafsi jimbo halitozi, jambo ambalo madereva hulijua kabla hawajajua hata makao makuu ni Pierre.

Sasa endesha. Hadi Mitchell ni mahindi na soya, na barabara za vumbi zinakata lami kila baada ya maili moja, zimenyooka kama mistari ya daftari. Kila mraba wa maili moja ni eka 640. Robo yake, eka 160, ndiyo iliyotolewa kwa sheria ya mwaka 1862: lipa ada ndogo, jenga, lima, kaa miaka 5, shamba lako. Miti hapakuwa, kwa hiyo walikata udongo wenye mizizi ya nyasi vipande vipande wakajengea kuta na kufunikia paa. Mgogo yeyote akiona picha za nyumba zile atasema: hilo si tembe?

Miji midogo utaitambua kwa mbali kwa vihenge vyake. Imepangwa karibu karibu kwa sababu reli ilikuja kabla ya gari: mkulima alitakiwa afike na mkokoteni wa ngano na arudi siku hiyo hiyo. Ukipata nafasi Oktoba, chepuka uone wanavyouza mahindi. Mimi nimebeba sana mahindi ya Kibaigwa, nilisimama pale nikatikisa kichwa. Hakuna gunia, hakuna lumbesa. Lori linapimwa likiwa limejaa, sampuli inapimwa unyevu, linamwaga, linapimwa tupu, mkulima anachukua karatasi yake. Wanahesabu kwa busheli, kama kilo 25, kwa hiyo busheli nne ndiyo gunia letu la kilo mia. Bei inatoka soko la mazao la Chicago, ikipunguzwa gharama ya kuyafikisha sokoni, na kwenye hilo nao wanalalamika kama sisi. Sehemu kubwa ya mahindi inaishia kwenye viwanda vya ethanoli, yaani inaingia kwenye matangi ya magari.

Chamberlain, simama. Usiniambie umechelewa. Kwenye kituo cha mapumziko juu ya kilima kuna sanamu ya mwanamke wa Kilakota na Kidakota, wenyeji wa asili wa nchi hii, urefu wa mita 15, amejitanda shuka la nyota mgongoni, amesimama hapo tangu 2016. Chini yake ni mto Missouri, na huo ndio mpaka wa kweli wa jimbo. Barafu ya kale ilishuka kutoka kaskazini-mashariki ikakomea karibu na hapa, maji yakapita pembeni mwa ukingo wake, ukazaliwa mto. Mashariki barafu iliacha udongo mnene. Magharibi haikufika. Maji unayoyaona ni bwawa. Mto umezibwa mara nne ndani ya jimbo, na bwawa la Oahe peke yake lilizamisha karibu eka 160,000 za ardhi ya Walakota, mabonde yao yenye kuni na malisho, ili wengine wapate umeme na kinga ya mafuriko.

Ukivuka daraja, tazama mahindi. Yanapungua, unaanza kuona ngano na alizeti (alizeti kama za nyumbani kabisa), halafu nyasi, halafu nyasi tu na ng'ombe weusi. Sioux Falls inapata mvua karibu milimita 700 kwa mwaka, Rapid City zaidi kidogo ya 400. Karibu na Presho unavuka longitudo ya 100, mstari ambao wazee wa jiografia waliutumia kutenganisha nchi ya jembe na nchi ya mifugo. Wauza ardhi hawakujali. Waliwaambia watu kwamba mvua hufuata jembe. Watu wakaja, ukame wa 1910 na 1911 ukawafukuza wengi, na sheria yenyewe ikakiri pole pole: eka 160 zikawa 320, zikawa 640 kwa wafugaji mwaka 1916. Miaka ya 1930 vumbi likamaliza hesabu, jimbo likapoteza karibu watu 50,000.

Mimi hapa huzima redio. Babu yangu alifanya kazi kwenye mpango wa karanga wa Waingereza, Kongwa, ulioanza 1947 na kufa 1951. Walikuja na matrekta na fedha nyingi, wakalima udongo ambao kiangazi huwa mgumu kama sakafu, kwenye mvua ya kubahatisha. Pakabaki ranchi ya ng'ombe. Babu alisema Wagogo waliulizwa kuhusu mvua baada ya mashine kushushwa. Huku nao Walakota walikuwa wameishi na nyati kwenye nyasi hizi bila kuzipindua.

Baada ya Murdo saa inarudi nyuma saa moja. Saa ya kifaa chako cha kurekodi muda wa kuendesha haibadiliki, ya mpokea mzigo inabadilika. Ukienda unapata saa ya bure. Ukirudi inadaiwa, na mimi nilishawahi kulala nje ya geti la ghala fulani kwa kuisahau.

Wall utaijua kwa mabango. Mwaka 1936 duka la dawa lilianza kuwatangazia wasafiri maji ya barafu ya bure, na bado wanasimama. Kusini yake ni Badlands, nchi ya makorongo na miamba iliyomomonyoka, na kusini zaidi ni Pine Ridge, ardhi waliyotengewa Walakota, na Wounded Knee, ambako jeshi liliua Walakota tarehe 29 Desemba 1890, wanawake na watoto wakiwemo. Ukienda, nenda kimya.

Milima myeusi inayoinuka mbele ni Black Hills, kwa Kilakota Paha Sapa. Mkataba wa 1868 uliwaachia Walakota. Dhahabu ikaonekana 1874, milima ikachukuliwa, na mgodi wa Homestake ukachimbwa tangu 1876 hadi 2002. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba wanadai fidia, zaidi ya dola milioni 100 pamoja na riba. Hawajaigusa fedha hiyo. Wanataka milima.

Shusha mzigo Rapid City, kagua matairi, lala. Kurudi mashariki upepo mara nyingi utakuwa mgongoni, mafuta utatumia kidogo. Na ile saa moja ya Murdo, iandike kwenye karatasi ubandike kwenye dashibodi.