Kabla hujalipia mtihani wa usolisita wa Uingereza na Wales

Ushauri mwingi unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya mawakili umeshachacha. Bado yupo anayemwambia mwenzake, "Fanya QLTS, ni mitihani miwili tu." QLTS, mtihani wa zamani wa mawakili wa nje waliotaka kuwa masolisita (aina ya mawakili wa huko), ilianza mwaka 2010, na SQE, mtihani wa sasa, ikachukua nafasi yake tarehe 1 Septemba 2021. Kanuni za mpito ziliwabeba wale tu waliokuwa wamefaulu karatasi ya kwanza, ya maswali ya kuchagua, kabla ya siku hiyo. Walipewa muda mfupi wa kumalizia sehemu ya vitendo, na muda huo umekwisha zamani. Ukisikia habari za mpito unaoendelea hadi 31 Desemba 2032, huo ni wa waliokuwa wameshaingia kwenye masomo ya sheria ya hukohuko kabla ya SQE. Wakili aliyeapishwa Dar es Salaam haumhusu, hata kama shahada yake ni ya 2010.

Kwa hiyo anza kwa kujua umesimama wapi. Aliyekwisha kuapishwa na jina lake liko kwenye orodha ya mawakili hadaiwi miaka 2 ya uzoefu wa kazi za sheria ambayo wengine wanaopitia SQE wanadaiwa. Mwenye LL.B. (shahada ya sheria) ambaye bado anasubiri kumaliza Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo anadaiwa. Nikiulizwa na kijana aliyebakiza miezi michache kuapishwa, namwambia amalize kwanza. Kuna haja gani ya kuhangaika kutafuta miaka miwili ya kazi wakati joho liko mlangoni?

Halafu kuna msamaha. SRA, mamlaka inayowasimamia masolisita, inaweza kukuondolea SQE1 (sehemu ya kwanza, ya maarifa ya sheria), SQE2 (sehemu ya pili, ya vitendo) au karatasi moja ya SQE1, ikiridhika kwamba ulichosoma na ulichofanya kazini hakipishani sana na kinachopimwa. Peleka ombi kabla ya kukaa kwenye mtihani, si baada ya kufeli. Lakini usijipe moyo kupita kiasi kuhusu SQE1. Sheria za mikataba na madhara (tort) tunazijua, tumelelewa na kesi za Waingereza. Ardhi ndiyo inayotutoa jasho. Wakili wa Tanzania amezoea ardhi ya umma na hati ya miaka 33, 66 au 99. Kule atakutana na umiliki usio na kikomo, na upangaji wa muda mrefu unaouzwa na kununuliwa kama nyumba yenyewe. Ongeza mirathi, kodi na hesabu za fedha za wateja, utaona kwa nini wiki sita za kusoma usiku hazitoshi.

SQE1 ina maswali 360, nusu kwa nusu kwenye karatasi mbili, na hufanyika kwenye kompyuta katika vituo vya Pearson VUE, kampuni ya kuendesha mitihani, vilivyoko nchi nyingi. SQE2 ina majaribio 16: 12 ya kuandika na 4 ya mdomo. Hayo 4 ya mdomo yanafanyika Uingereza na Wales tu, kwa hiyo bajeti yako iwe na viza, tiketi na mahali pa kulala. Una nafasi tatu kwa kila mtihani, ndani ya miaka 6 tangu ulipokaa mara ya kwanza.

Cheti cha kuthibitisha mwenendo wako kwenye taaluma usikiombe mapema mno, maana kinatakiwa kiwe cha karibuni. Lakini michango na leseni ulizoacha kulipa zisafishe leo. Wenye shauri la nidhamu, hata lililofutwa, waliseme wenyewe. Kuficha ndiko kunakoangusha watu kwenye kipimo cha tabia cha SRA, mara nyingi kuliko kosa lenyewe.

La mwisho, panga vyeti vyako mezani pamoja na pasipoti. Cheti cha shahada kinasema Mwanaidi Juma, cheti cha uwakili Mwanahidi J. Hamisi, pasipoti ina majina matatu na la mume juu yake. Kituo cha mtihani kinatazama jina la kitambulisho na jina ulilojisajilia, basi. Kama majina ya vyeti na pasipoti hayafanani, nenda kwa kamishna wa viapo ukaape sasa, kabla hujajaza fomu.