Namna ya Kujipatia Kipato kwa Kazi Huru Katika Masoko ya Kazi ya Mtandaoni

Mtu anayefungua akaunti kwa mara ya kwanza katika soko la kazi la mtandaoni hukabiliwa na ugumu ambao hauhusiani na ujuzi wake: hakuna anayemjua. Mteja hawezi kumwona, hawezi kuzungumza na waliowahi kumwajiri, na mara nyingi ana maombi mengine kadhaa mbele yake yanayofanana kama punje za mahindi. Anachohofia mteja huyo ni kupoteza fedha zake, na zaidi ya fedha, kupoteza wiki nzima akimsubiri mtu ambaye hatimaye atatoweka. Karibu kila hatua inayoelezwa hapa, kuanzia wasifu hadi bei, inalenga kuipunguza hofu hiyo.

Yafaa kwanza kufahamu kwamba masoko haya ni ya aina mbili. Katika aina ya kwanza mteja hutangaza kazi na wafanyakazi huru huiomba. Ndivyo zinavyoendeshwa zaidi Upwork, iliyotokana na kuunganishwa kwa Elance na oDesk na kupewa jina lake la sasa mwaka 2015, na Freelancer, kampuni iliyoanzishwa Sydney, Australia, mwaka 2009. Katika aina ya pili mfanyakazi ndiye anayepanga huduma yake kama bidhaa dukani, ikiwa na bei na muda wa kukamilishwa, kisha mteja huja kuinunua. Fiverr, iliyoanza mwaka 2010 kwa huduma za dola 5, ndiyo inayojulikana zaidi katika kundi hili. Huduma yenye mipaka iliyo wazi, kama kuchora nembo, kusoma tangazo kwa sauti au kusahihisha kurasa kumi, huuzika vizuri kwa njia ya pili. Kazi inayohitaji mazungumzo kabla haijajulikana itakuwaje, kama kutengeneza tovuti au kusimamia hesabu za biashara, hufaa zaidi njia ya kwanza. Anza na soko moja tu, kwa sababu sifa unayojijengea katika soko moja haihamii katika jingine, na mshika mawili moja humponyoka.

Kuchagua huduma na kuandaa wasifu

Kosa la kawaida la wanaoanza ni kuorodhesha kila wanachoweza kufanya: kuandika, kutafsiri, kuingiza data, kubuni picha na kusimamia kurasa za mitandao ya kijamii. Wanaamini kwamba nyavu nyingi huleta samaki wengi, lakini mteja anayetafuta mtu wa kumwandikia manukuu ya video hamtafuti fundi wa kila kitu. Humtafuta mtu ambaye wasifu wake wote unazungumzia manukuu. Chagua huduma moja, na kama unaweza, ifinye zaidi: badala ya mwandishi, kuwa mwandishi wa maelezo ya bidhaa kwa maduka ya mtandaoni.

Kazi za kuingiza data na za unukuzi wa kawaida, ambazo zamani zilikuwa mlango rahisi wa kuingilia, zimebanwa sana na programu zinazozifanya kwa sekunde chache, nami simshauri mtu kuzitegemea peke yake. Kwa upande mwingine, anayesoma maneno haya ana mtaji ambao huenda hajauhesabu, nao ni Kiswahili chenyewe. Kutafsiri, kunukuu mazungumzo ya Kiswahili yaliyorekodiwa, kuandika manukuu, kusoma matini kwa sauti na kuhakiki tafsiri zilizotolewa na mashine ni kazi zinazohitaji sikio la mwenye lugha. Ushindani wake pia ni mdogo kuliko ule wa kuandika makala za Kiingereza, ingawa ni lazima ukiri kwamba na kazi zinazotangazwa ni chache vilevile.

Katika wasifu tumia jina lako halisi kama lilivyo kwenye kitambulisho, kwa kuwa wakati wowote soko linaweza kukutaka uthibitishe utambulisho wako, na akaunti ikifungwa kwa sababu ya jina la kubuni, fedha zilizomo huwa taabani. Picha iwe ya uso wako, yenye mwanga wa kutosha. Weka uzito katika sentensi mbili za mwanzo za maelezo, kwa sababu mara nyingi hizo tu ndizo zinazoonekana kabla mteja hajabofya ili asome zaidi. Zisizungumzie bidii yako wala mapenzi yako kwa kazi, zieleze mteja ataondoka na nini. Kama huna kazi ulizowahi kufanya kwa malipo, zitengeneze: chukua maelezo ya bidhaa yaliyoandikwa ovyo, yaandike upya, uweke matoleo yote mawili bega kwa bega na useme wazi kwamba hilo lilikuwa zoezi lako mwenyewe. Mteja hajali sana kama ulilipwa, anataka kuona mkono wako.

Kuandika ombi la kazi

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Katika Upwork kila ombi hugharimu vipande viitwavyo Connects, ambavyo huuzwa kwa dola 0.15 kimoja, na kazi moja yaweza kudai vipande kadhaa. Kutuma maombi hamsini yaleyale kwa kunakili na kubandika ni kutupa fedha, na wateja huyatambua maombi hayo kwenye mstari wa kwanza, hasa siku hizi ambapo mengi huandikwa na akili bandia yakiwa na salamu moja na sifa zilezile. Kabla ya kuomba, mchunguze mteja kama anavyokuchunguza wewe: je, njia yake ya malipo imethibitishwa, amewahi kuajiri watu wangapi, na waliomfanyia kazi wamesema nini juu yake? Mteja aliyetangaza kazi ishirini bila kuajiri hata mtu mmoja huenda anakusanya mawazo ya bure.

Tuseme mteja ameambatisha video ya mahojiano ya dakika 12 na anataka manukuu ya Kiswahili. Waombaji wengi watamwandikia kwamba wao ni watafsiri hodari wenye uzoefu mkubwa na wako tayari kuanza mara moja. Ombi bora lingesema hivi, kwa lugha yoyote ambayo mteja ametangazia:

«Nimesikiliza dakika ya kwanza ya video. Wazungumzaji wawili wanaingiliana maneno, hivyo manukuu yatahitaji ama rangi mbili ama jina la anayesema mwanzoni mwa mstari; ungependa lipi? Nitakuletea dakika mbili za mwanzo kesho kabla ya 14:00 UTC, ili uone kama mtindo unakufaa kabla sijaendelea na zilizobaki. Sampuli mbili za manukuu niliyoandika nimeziambatisha.»

Ombi hili halina sifa hata moja ya kujipamba, lakini linaonyesha kwamba mwandishi ameifungua faili, ameona tatizo ambalo huenda mteja mwenyewe hakuliona, na amepunguza hatari kwa kugawa kazi. Swali lililomo lina kazi yake pia: mtu akiulizwa swali la maana juu ya kazi yake, ni vigumu asijibu. Angalia vilevile jinsi saa ilivyoandikwa. Sisi tunaosema saa mbili asubuhi tukimaanisha 08:00 tuko katika hatari ya pekee ya kukosea tunapobadilisha saa kichwani, na kuchelewa kwa saa sita kwa sababu hiyo hakuelezeki kwa mteja asiyeijua hesabu yetu. Andika muda kwa tarakimu za saa 24 na utaje majira, kama UTC, yaani saa ya kimataifa ya marejeo.

Kupanga bei

Bei iliyo kwenye skrini siyo fedha inayoingia mfukoni. Fiverr hukata asilimia 20 ya kila malipo. Upwork ilikuwa na kamisheni iliyopungua kadiri mteja mmoja alivyoendelea kukulipa, mwaka 2023 ikawa asilimia 10 kwa wote, na tangu 2025 mikataba mipya hukatwa kiwango kinachotofautiana kati ya 0 na asilimia 15, ambacho huonyeshwa kabla hujatuma ombi. Juu ya hayo kuna ada ya kutoa fedha na tofauti ya kubadilisha sarafu.

Muhimu zaidi ni saa zisizolipwa. Chukua kazi ya dola 100 unayodhani itakuchukua saa 8, yaani dola 12.5 kwa saa. Kamisheni ya asilimia 20 ikikatwa, zinabaki 80. Ukiongeza saa 3 za kujibu ujumbe na kufanya marekebisho, na saa 5 ulizotumia kuandika maombi hadi kuipata kazi hiyo, umefanya kazi kwa saa 16, na kila saa imekulipa dola 5. Hesabu hii ifanye kwa kila kazi katika miezi ya mwanzo na uiandike, kwa maana ndiyo itakayokuonyesha ni aina gani ya kazi inayokulipa na ipi inakula usiku wako.

Je, uanze kwa bei ya chini? Kidogo, na kwa kazi chache. Kazi mbili au tatu ndogo zenye mipaka mifupi, zilizotozwa chini kidogo ya bei yako ya kawaida, hukupatia tathmini za kwanza bila kukuchosha. Bei ya kutupa, hata hivyo, huwavuta wateja wagumu kuliko wote, nao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kukuachia nyota mbili.

Kazi inapoanza, na malipo yanavyofika

Kwa kazi ya bei moja iliyokubaliwa tangu mwanzo, fedha za mteja hushikiliwa na soko kama amana hadi kazi ipokelewe. Usianze kabla hujaona kwamba hatua ya kwanza, yaani sehemu ya kazi yenye malipo yake, imewekewa fedha. Ahadi ya mteja kwamba ataziweka jioni haikulindi. Ukiwasilisha kazi Upwork kwa kitufe rasmi na mteja akanyamaza, fedha huachiliwa baada ya siku 14. Katika Fiverr oda huhesabiwa kuwa imekamilika siku 3 baada ya kuwasilishwa, kisha muuzaji wa kawaida husubiri siku 14 nyingine kabla ya kuweza kuzitoa fedha. Kwa kazi inayolipwa kwa saa katika Upwork, programu yake hupiga picha ya skrini yako ndani ya kila dakika 10, wiki hufungwa Jumapili usiku kwa majira ya UTC, na malipo huwa tayari siku 10 baadaye. Saa ulizoingiza kwa mkono bila programu hiyo hazina ulinzi uleule, kwa hiyo ziepuke kwa mteja mgeni. Mwenye kutegemea fedha hizi kulipia jambo la wiki hii amechelewa.

Andika mipaka ya kazi katika ujumbe wa soko lenyewe: maneno mangapi, faili za aina gani, marekebisho mara ngapi. Mteja akiomba nyongeza, usikatae wala usiifanye kimyakimya. Mwambie kwamba inawezekana, na kwamba ungependa afungue hatua mpya ya kiasi fulani kwa ajili yake. Wengi hulipa bila neno.

Kuhusu kupokea fedha, masoko mengi hutumia PayPal, Payoneer au uhamisho wa benki, na jina la akaunti hiyo lazima lilingane na lile la wasifu. Masoko yaliyo chini ya sheria za Marekani humtaka asiye Mmarekani ajaze fomu ya W-8BEN, inayothibitisha kwamba yeye si mlipa kodi wa huko. Kodi ya nchi yako inabaki kuwa wajibu wako, nayo huwa rahisi ukitunza kumbukumbu tangu malipo ya kwanza.

Matapeli wana njia zao zinazojirudia. Mteja anayekutaka ulipe ada ya mafunzo au ya vifaa ili upewe kazi ni mwizi, bila ubaguzi. Anayekuhamishia Telegram kabla ya mkataba anakutoa nje ya uzio ambamo amana inakulinda. Anayeomba namba ya siri iliyotumwa kwenye simu yako anataka akaunti yako, na anayetaka kuikodi, au kukukodisha ya kwake, anakuingiza katika jambo ambalo masoko huliadhibu kwa kufunga akaunti moja kwa moja, huku mwenye akaunti akibaki na fedha ulizozitolea jasho. Hata mteja mwema akipendekeza mlipane kando ili kukwepa kamisheni, kumbuka kwamba Upwork inazuia jambo hilo kwa miaka 2 tangu mlipokutana humo, isipokuwa ada maalumu ilipwe.

Kazi ikipokelewa, mwombe mteja afunge mkataba na kuacha tathmini wakati furaha yake bado iko moto. Upwork huwapa wote wawili siku 14 za kufanya hivyo, na hakuna anayeona ya mwenzake mpaka wote wamalize au muda uishe. Katika ujumbe huohuo mtajie jambo moja dogo uliloliona linahitaji kazi, kwa mfano video zake nyingine zisizo na manukuu, maana mteja anayerudi hakugharimu ombi wala saa za kujieleza. Kupandisha bei anza na wateja wapya, na wakiikubali mara mbili tatu mfululizo, mwandikie yule wa zamani kwamba bei hiyo itamhusu kuanzia mwezi ujao na kwamba kazi mliyokwisha kukubaliana itabaki kwa bei yake ya awali.